Wageni wa Majaribio

Ekidor huwa hapigi simu. Hutuma ujumbe wa sauti, mrefu, wenye kelele za pikipiki nyuma yake, na unausikiliza ukipata nafasi. Kwa hiyo jina lake lilipotokea kwenye simu yangu asubuhi ile nikiwa ofisini, nilijua kuna mtu amekufa, nikawa nimebakisha kujua ni nani. Alisema ni Furaha. Ameugua muda mfupi tu huko Kalobeyei, hospitali wakasema wamechelewa kumleta, basi. Nilimuuliza mazishi ni lini, kama gari lipo au tutafute, na kama watoto wako na mtu. Nikamshukuru, nikakata, nikamalizia ripoti niliyokuwa nikiiandika. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kama kuna shida nikamwambia hapana, ni mtu tuliyesoma naye tu. Ile "tu" ilitoka kirahisi mno. Mchana nilienda kula kama kawaida, nikatafuna, nikameza, na nilipofika katikati ya sahani nikagundua kwamba sikuwa nikisikia ladha ya chochote. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile hali imerudi.

Hali yenyewe naifahamu. Niliwahi kuishi nayo mwaka mzima, mwaka wangu wa nne na wa mwisho chuoni hapa Lodwar. Mama yangu alikuwa amefariki likizo ya Desemba na Januari nikarudi darasani. Mengine ya nyumbani kwetu sitayaandika, kwa sababu hayakuwa na tofauti na ya nyumba nyingine yoyote iliyofiwa. Watu walinipa pole nikaitikia asante. Nilikuwa nimekufa ganzi, na nasema hivyo bila kupamba: ile ganzi ya mguu ulioukalia vibaya, ila mwili wote, na miezi ikapita bila kuja vile vichomo vinavyokuambia damu inarudi. Sikulia. Sikukosa darasa hata moja. Ukiniuliza leo ni mwaka gani nilipata alama nzuri kuliko miaka yote nitakuambia ni huo, na wala sijisifu, maana mtu asiyesikia kitu hana la kumsumbua akisoma.

Tulikuwa tukisomea shahada ya biashara, upande wa mifumo ya habari. Nimeieleza shahada hii maisha yangu yote na bado sijapata maneno ya kuwatosheleza watu. Wajomba zangu walidhani nitatengeneza simu. Jirani mmoja alisubiri anisikie redioni. Wale waliosomea kompyuta yenyewe walituona watu wa biashara tuliopotea njia, na wale wa uhasibu walituona mafundi. Asubuhi tulikuwa na mizania na kodi, na mchana, jua likiwa limeyakalia mabati, tulijifunza namna ya kuuliza watu wanafanyaje kazi zao, kisha kuwajengea programu ya kuwarahisishia. Umeme ulikatika karibu kila siku. Mhadhiri wetu, Bwana Simiyu, mtu wa Magharibi mwa Kenya ambaye hakuwahi kulizoea joto letu na alifundisha akiwa na taulo begani, hakusimama hata kompyuta zikizimika zote. Alichukua chaki akachora majedwali ubaoni na kuyajaza kwa mkono, mgeni, chumba, tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka, nasi tukanakili. Ninayoyakumbuka zaidi ni yale ya chaki.

Mradi wa mwaka wa nne ulifanywa na watu watatu watatu. Mlitakiwa mjenge mfumo wa kweli, wa mahali pa kweli, na siku ya mwisho Bwana Simiyu aje pale auone ukifanya kazi, na mwenye mahali atie sahihi kwamba ameupokea. Bila sahihi hakuna alama, na bila alama hakuna kuhitimu. Kundi letu lilikuwa mimi, Ekidor na Furaha. Ekidor alikuwa kijana wa hapa mjini, mwepesi wa mikono na wa mdomo, mwenye kumaliza kila jambo haraka na kulirudia kesho yake. Furaha alikuwa msichana aliyetoka Kongo na kukulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka akiwa ameziba mdomo, na ndiye aliyekuwa na kichwa chetu sote watatu. Mfadhili wake alikuwa amemwandikia mapema kwamba huo ndio mwaka wa mwisho wa kumlipia, na kibali chake cha kutoka kambini kilifanywa upya kila muhula kwa taabu. Mimi na Ekidor tungeanguka tungerudia. Furaha akianguka angepanda gari kurudi Kakuma, na miaka minne ingekwisha hivyo. Alilisema jambo hilo mara moja tu, mwanzoni, kwa sauti ya kawaida, na baada ya hapo hakulirudia.

Mimi naye, wasichana wawili, tulipanga chumba kimoja mtaani Nawoitorong. Kilikuwa na dirisha dogo upande wa jua na ukuta mwembamba upande wa pili, ambako waliishi mke na mume waliobishana kila jioni kuhusu kununua friji. Tulizifahamu hoja zao zote. Furaha alikuwa upande wa mke, mimi sikuwa upande wowote. Alipika yeye mara nyingi, kwa sababu mimi ningeweza kula ugali na chumvi hadi muhula uishe. Alitwanga majani ya kunde akayapika kwa mafuta, akaapa kwamba ukifumba macho ni sombe, kisamvu cha kwao, na alinitazama nikila kama mtu anayesubiri jibu. Nilimwambia tamu. Alijua sisikii kitu. Hakuniambia nijikaze wala hakuniambia Mungu ana mpango, na kwa hilo nilimpenda, ingawa wakati ule nisingejua kwamba huko ndiko kupenda.

Mahali tulipopachagua hapakuwa mbali na chumba chetu, nyumba ya wageni iliyokuwa ikiendeshwa na kikundi cha akina mama. Vyumba vilizunguka uwanja wa mchanga uliofagiliwa kila asubuhi, vikapu vya miyaa ya mkoma vilitundikwa ukutani, na upande mmoja palikuwa na ukumbi wa kulia wenye meza ndefu na maua ya plastiki. Msimamizi aliitwa Mama Esekon. Tulipokwenda mara ya kwanza kumuuliza maswali yetu ya darasani, kazi inaanzaje, inapita kwa nani, inaishia wapi, alituketisha jikoni akaendelea kupara samaki. Shida yake ilikuwa moja. Wageni walifika na magari ya mashirika wakati wowote, wa mapokezi walipaza sauti kuwaambia wa jikoni, na wa jikoni walisikia walichosikia. Siku moja chakula kilibaki, siku nyingine watu wazima waligawana chapati. Tulimweleza kuhusu malipo, ripoti za mwezi, vyumba vinavyohitaji kurekebishwa. Alitusikiliza kwa adabu.

"Mimi nataka kujua ni watu wangapi wanakula leo," alisema. "Hiyo ingine ni yenu."

Basi tukaujenga mfumo kwa ajili ya jiko. Ukiufungua, kabla ya yote, ukurasa wa kwanza ulikuonyesha wageni waliopo leo, vyumba vyao, na idadi ya sahani kwa maandishi makubwa. Ilituchukua muhula mzima. Tulikaa sana katika jiko lile, na akina mama walipozungumza Kiturkana juu yetu walisahau kwamba mimi na Ekidor tunasikia. Ekidor walimwona mrembo kupita kiasi kwa mwanamume. Furaha walimpenda kwa sababu alimenya viazi bila kuombwa. Mimi walisema nimekauka kama samaki wa juzi, na mmoja akajibu mwacheni, amefiwa, na wakahamia jambo jingine. Furaha aliniuliza wamesema nini nikamtafsiria yote, hata ya samaki. Alicheka kwa kuziba mdomo, kisha akaacha kucheka akaniangalia.

Programu yoyote unayoijenga lazima uijaribu, na huwezi kuijaribu ikiwa tupu. Unaiwekea watu wa kubuni, uone kama inawahesabu sawasawa. Bwana Simiyu alikuwa mkali hapo. Alisema tusithubutu kutumia majina ya wageni halisi, hayo ni mambo ya watu, tutumie watu wasiokuwepo. Ekidor alitaka kujaza timu nzima ya mpira akakatazwa. Furaha akasema hiyo kazi aachiwe yeye. Niliporudi na chai nilimkuta ameshaijaza, na karibu wote walikuwa na jina la mwisho kama lake. Nilimuuliza ni akina nani. Akaniambia ni watu wake, wale waliobaki Kongo, na kubaki alikomaanisha nilikuelewa. Baba yake. Mama yake mkubwa. Babu. Ndugu zake, na mke wa mmoja wao. Mwalimu alisema watu wasiokuwepo, na hao ndio aliokuwa nao.

Hakuwajaza ovyoovyo. Babu alipewa chumba kilicho karibu na choo kwa sababu ya magoti yake. Kaka yake mdogo, Innocent, aliwekwa mbali na jiko kwa sababu alikuwa mwizi wa nyama. Tarehe ya kufika aliwaandikia wote moja, ile Alhamisi ambayo Bwana Simiyu angekuja kuutazama mradi, ili siku hiyo nyumba ionekane imejaa. "Baba hayakulalaka mu hoteli ata siku moja," aliniambia, akibonyeza. Alikuwa anafurahi. Jioni moja tukifua nguo uani aliniuliza mama yangu aliitwa nani, nikamjibu kama unavyomjibu karani. Kesho yake nikaliona jina hilo katika chumba cha nne. Sikukasirika wala sikufurahi. Nilikagua tu kama tahajia iko sawa, ikawa sawa.

Jumatano Ekidor alikwenda kuiweka programu kwenye kompyuta ya mapokezi. Alitakiwa apeleke ile nakala iliyosafishwa, isiyo na mtu, ili Alhamisi wageni wa kweli waanze kuandikwa wakifika na Bwana Simiyu ashuhudie. Wale wa majaribio wangebaki kwenye kompyuta yetu. Zilikuwa folda mbili ndani ya flashi moja. Ekidor alinakili aliyoiona kwanza, akamfundisha dada wa mapokezi, akamwonyesha Mama Esekon pa kutazama, akala mandazi, akaenda zake. Hakuna mtu aliyesomea kazi yetu ambaye hajawahi kufanya hivyo, ila wengi wetu matokeo yake huwa ni ripoti mbaya. Sisi matokeo yake yalikuwa samaki.

Alhamisi mchana tulifika mapema, tumevaa vizuri. Kibali cha Furaha kilikuwa kinaisha Ijumaa, begi lake lilikuwa limeshafungwa chumbani. Bwana Simiyu alikuwa amesema atakuja saa tisa. Tulisikia harufu ya mafuta ya samaki tangu langoni, na ukumbini tukakuta meza ndefu imetandikwa: sahani tisa zenye samaki mzima mzima kutoka Kataboi, kule ziwani, ugali umefunikwa, sukuma kwenye bakuli, maji kwenye jagi lenye barafu. Akina mama wa jikoni walikuwa wamesimama mlangoni na aproni safi. Mama Esekon alikuwa amevaa shanga zake za sherehe shingoni. Alikuwa ameamka, ametazama mashine, imemwambia tisa, naye akawaambia wenzake kwamba kuanzia leo hakuna kupaza sauti tena. Ilikuwa inaelekea saa nane na hakuna mgeni hata mmoja aliyetokea.

"Mashine imesema watu tisa, nimepika ya watu tisa," alisema. "Sasa hii watu iko wapi?"

Ekidor alizunguka meza ya mapokezi akatazama skrini. Kisha akaanza kueleza, kwa haraka, kwamba hawa siyo wageni, hawa ni wa majaribio tu, mathee asijali, hawa watu hawapo.

"Hawapo aje na wako na vyumba?" Mama Esekon aliuliza.

Nyuma yake akina mama walianza kucheka kwa Kiturkana. Tumepikia upepo, alisema mmoja, na mwingine akauliza kama upepo unapenda kichwa au mkia. Hicho ndicho kilichomuudhi Mama Esekon kuliko samaki wenyewe. Alikuwa amewaambia wenzake waiamini mashine, na mashine ikamdanganya mbele yao. Alisema hatatia sahihi. Alisema tuibebe tuende nayo, kelele za mlangoni zilikuwa afadhali, angalau mtu akipiga kelele anakuwa amemwona mtu. Ekidor aligeuka rangi. Akamwita Furaha pembeni, na kwa sababu hajui kunong'ona sote tulimsikia: afute haraka hao wote, tuweke ile safi, tumbembeleze huyu mama kabla Simiyu hajafika. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Furaha ndiye aliyeijua vizuri, kwa hiyo akakaa yeye.

Alikaa. Akashika kipanya. Alichagua jina la kwanza, nikaona lile swali dogo likitokea katikati ya skrini, una hakika unataka kufuta. Hakubonyeza. Ekidor alisema Furaha, please, kesho unaenda. Hakubonyeza.

"Balishakufa mara moja," Furaha alisema. "Mara ya pili basikufie mu mikono yangu."

Mama Esekon aliniuliza kwa Kiturkana msichana anasema nini. Nikamtafsiria. Akauliza ni akina nani hao. Nikamweleza hilo pia, jina kwa jina na chumba kwa chumba, kwa sauti ileile niliyotumia darasani kusoma swali kwa wenzangu, huyu ni babu, huyu ni baba, huyu kaka, na wa chumba cha nne ni mama yangu mimi. Ninaikumbuka sauti yangu mwenyewe, kavu, ikipita ukumbini kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine. Kicheko cha mlangoni kilikuwa kimekwisha. Mama Esekon alitazama meza, akamtazama Furaha, akanitazama mimi. Nilidhani ataendelea kukasirika, na kwa kweli aliendelea, ila alibadilisha alichokuwa anakasirikia.

"Chakula ya mtu haiwezi mwagwa juu hajafika," alisema. "Kaeni. Mwambie aseme nani anakaa wapi."

Kwa hiyo Furaha akapanga. Aliinuka kwenye kompyuta akasimama mwanzo wa meza, kwanza kwa aibu, akaonyesha: babu hapa, baba karibu naye, mama mkubwa hapo apate upepo wa mlango. Sisi tulikaa walipotakiwa kukaa wao. Akina mama wa jikoni walivua aproni wakakaa nasi. Mmoja, aliyekaa pa Innocent, aliambiwa tabia ya mwenye kiti na mara moja akadokoa samaki wa jirani, na Furaha akacheka bila kuziba mdomo. Waliuliza maswali nami nikatafsiri. Babu alikuwa na ng'ombe? Alikuwa nao wachache, na shamba la ndizi. Mama mkubwa alizaa? Hakuzaa, ndiyo maana alimlea yeye. Baba alikuwa mtu wa namna gani? Furaha alifikiri. Alisema alikuwa mtu wa kuchelewa, kila mahali, hata kanisani, na nyanya yake alikuwa akisema huyu atachelewa hata kufa, lakini hakuchelewa. Nikalitafsiri hilo pia. Mkono wa Mama Esekon ulisimama juu ya ugali, kisha ukaendelea.

Sahani moja ilibaki imefunikwa mbele yangu. Sikuwa nimeigusa, nilikuwa na kazi ya kutafsiri. Furaha aliifunua akaisogeza.

"Ya mama yako njo hii," alisema. "Kula we."

Wote walinigeukia, na nilichukia kwamba wamenigeukia. Nilikata ugali. Nilikula samaki yule upande mmoja, nikamgeuza, nikala upande wa pili, mpaka mifupa. Natamani niandike kwamba nililia, ingekuwa nzuri kwenye kitabu. Sikulia. Ila samaki alikuwa na chumvi nyingi. Niliisikia chumvi, nikahitaji maji, nikanywa, nikasikia ubaridi wa maji ukishuka. Hayo tu. Tangu Desemba sikuwa nimesikia hata hayo. Nilimwambia Mama Esekon kwa Kiturkana kwamba chumvi imezidi, akasema kama ni mbaya mbona umemaliza, na meza nzima ikaanza kuzungumza tena.

Bwana Simiyu alitukuta hapo, taulo begani, akasimama mlangoni akitafuta pa kuanzia. Alisalimu ejok, neno pekee la Kiturkana alilokuwa nalo, akajibiwa ejok-noi na kuvutiwa kiti. Aliuliza wageni walioandikwa wako wapi. Ekidor alifungua mdomo, lakini Mama Esekon alimtangulia akamwambia wamekula, sasa wako karibu kuondoka. Bwana Simiyu alipewa mkia wa samaki akala bila kuuliza zaidi, kwa kuwa alikuwa na njaa na pia, nadhani, alikuwa ameshaona kwamba darasa hili halikuwa lake. Alipomaliza kunawa alisema basi tumwonyeshe jinsi mgeni anavyoondoka. Ndiyo sehemu ya mfumo ambayo alikuwa bado hajaiona.

Kulikuwa na kitufe cha kufuta na kulikuwa na kitufe cha kuondoka. Ukifuta, mtu anakuwa hajawahi kuja. Akiondoka, chumba kinakuwa wazi, jiko halimhesabu tena, na jina linabaki nyuma huko kwenye kurasa ambazo mtu wa mapokezi hana haja ya kuzifungua. Furaha ndiye aliyeijenga sehemu hiyo, na alikuwa ameisahau kwa sababu alikuwa na hofu. Alikaa tena. Alimwondoa babu. Alimwondoa baba yake, akamwondoa mama mkubwa, polepole, akisoma kila jina kwa sauti, na baada ya kila mmoja ile namba kubwa ya sahani ilipungua. Nilimwona Bwana Simiyu akisoma majina ya mwisho, akishusha macho kwenye jina la Furaha lililokuwa juu ya karatasi yake ya alama, akirudi kwenye skrini. Alivuta taulo akajipangusa uso wote na kukaa nalo usoni kidogo. Kilipobaki chumba cha nne Furaha alinisukumia kipanya. Nikabonyeza. Chumba cha nne kikawa wazi, na jiko likawa na sahani sifuri.

Mama Esekon alitia sahihi. Alisema mashine inaweza kubaki kwa sababu sasa wanafahamiana nayo. Bwana Simiyu alitupa alama za kutosha, akatukata nyingine kwa kukabidhi mfumo wenye data za majaribio, na hizo Ekidor anaidai dunia mpaka leo. Furaha alipanda gari Ijumaa na begi lake, na Novemba alirudi kwa kibali kingine, akavaa joho, akapiga picha na sisi uwanjani, joho likiwa fupi kwa urefu wake. Baadaye alikaa Kalobeyei akiwafundisha wenye maduka kutumia kompyuta katika biashara zao, akaolewa, akazaa. Tulikutana mara chache, kama watu wanavyokutana. Ganzi yangu iliisha kidogo kidogo, bila siku maalumu, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kitu kile humjia mtu mara moja tu katika maisha.

Tulimzika Kakuma. Kwaya iliimba kwa Kiswahili cha kwao, nyimbo ndefu ambazo kila mmoja aliyekuwepo aliujua mwisho wake isipokuwa mimi na Ekidor. Watoto walikuwa mbele, wameshikana mikono. Mkubwa ana kile kimo cha mama yake. Niliwasalimia, nikatoa nilichobeba, nikasimama walipotuambia tusimame. Watu walilia karibu nami na nilisikia kilio chao kama kinatoka upande wa pili wa ukuta, kule walikobishania friji. Njiani kurudi Ekidor aliendesha, hakuwasha redio, hakutania. Amenenepa na ndevu zimeingia mvi. Tulipofika Lodwar hakuelekea kwangu, akakata kona ya Nawoitorong, na mimi sikumuuliza anaenda wapi.

Uwanja bado unafagiliwa. Mama Esekon amestaafu, anaishi kwa mwanawe. Vikapu ukutani ni vipya na kompyuta ya mapokezi ni nyembamba, yenye programu nyingine, nzuri kuliko yetu. Msichana aliyekuwa hapo hakuwa amezaliwa, au alikuwa mchanga, mwaka ule ninaousimulia. Alituuliza kama tunalala au tunakula tu. Ekidor akasema tunakula. Akatuuliza wangapi.

"Watatu," Ekidor alisema.

Msichana alitazama nyuma yetu, akatazama mlango, hakuona mtu. Aliomba majina, maana jikoni wanayataka. Ekidor akamtajia lake na langu, kisha akamtajia la Furaha, yote mawili, na kumsaidia kuandika lile la mwisho ambalo ni gumu. Mimi nilisimama nimeshika pochi. Programu yao nayo ilikuwa na ile nafasi ya pili ya tarehe, haikubali kuachwa wazi. Msichana alinyanyua kichwa.

"Na huyu wa tatu anaondoka lini?"

Ekidor alinitazama. Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Kwa hiyo nikalijibu mimi.

"Akishakula," nilisema.

Aliandika. Tulikaa kwenye meza ile ndefu, maua ya plastiki yamebadilishwa rangi, na baada ya muda zikaletwa sahani tatu. Nilivuta ya Furaha nikaanza nayo. Chumvi ilikuwa nyingi, na safari hii nililia nikiwa natafuna, na Ekidor akanisogezea maji.